Bendera Nyekundu Uani

Kabla hajaitwa Mama Bendera alikuwa na jina lake kama watu wote, lakini mtaa ulishalisahau na mwenyewe hakulidai. Alikuwa mlinzi wa geti la reli, pale barabara kuu ilipokatiza njia ya treni, na kazi yenyewe haikuwa na maelezo mengi. Simu ya kibandani ikilia kwamba treni imetoka stesheni, anashusha geti pande zote mbili, anasimama na bendera yake, na hapiti mtu. Awe nani, awe anakwenda wapi, hapiti. Alisimamisha magari ya wakubwa yenye vioo vyeusi. Alisimamisha msafara wa harusi, bibi harusi yumo ndani ya gari vipodozi vinamtiririka kwa joto. Siku moja alisimamisha hata jeneza, na wafiwa wakamporomoshea matusi ya nguoni.

"Marehemu hana haraka," akawajibu. "Nani kati yenu ana haraka ya kumfuata?"

Wakanywea. Treni ikapita, geti likapanda, wakaenda kuzika salama salimini.

Usidhani alikuwa na roho mbaya. Roho yake ilikuwa nzuri tu, ila alilijua jambo moja ambalo wenye haraka zao walilisahau kila siku: treni haijui kukwepa. Gari litakukwepa, baiskeli itakukwepa, hata punda mwenye akili zake atakukwepa. Treni? Thubutu! Kwa hiyo katika miaka yote aliyokaa pale hakufa mtu getini kwake, hakufa mbuzi, hakufa hata kuku. Hilo alijivunia waziwazi, na ukimpa nafasi angekusimulia mpaka chai ipoe.

Sasa sikia kituko. Mwanamke huyu aliyeziona treni kuliko stesheni masta hakuwahi kupanda hata moja. Kila mwaka kazini walimpa pasi ya kusafiri bure, yenye jina lake lakini ya mtu mmoja yeyote wa nyumbani kwake. Mwanzoni alikuwa ananyonyesha, safari akaiahirisha. Kisha kifungua mimba wake akachaguliwa shule ya bweni, huko mbali, na pasi ikawa ya mtoto. Mtoto akienda shule, mama yuko getini na bendera ya kijani. Treni inakuja, dirisha la behewa la tatu linatoa kichwa na mkono, "Mama! Mamaaa!", na yeye mkono wake umeshika bendera, hana wa kupunga. Basi anaipunga bendera yenyewe, juu, chini, kushoto, kulia, kuliko kanuni zinavyotaka. Madereva wa treni walidhani mama yule ana bidii ya kazi.

Kifungua mimba alipomaliza shule, pasi ikaenda kwa mdogo wake wa kike. "Mimi nitapanda nikistaafu," alimwambia mumewe, wakati huo yuko hai. "Kwani reli itakwenda wapi?"

Reli ikaenda. Mwaka ule ule aliostaafu, akiwa ameshanunua hadi begi la safari, treni za abiria zikafutwa. Baada ya muda wakaja watu na mashine za kukatia, wakang'oa reli kipande kwa kipande, na geti lake wakalipakia kwenye lori la vyuma chakavu akiwa amesimama pale anaangalia. Alilia, ndiyo, tena machozi ya hasira. Akaokota kipande cha reli kilichobaki kwenye majani, kifupi kama mkate, akakibeba kichwani hadi nyumbani na kukiweka mlangoni kuzuia mlango usijifunge.

Kila akijikwaa kwenye kile chuma alikuwa anasonya. Asubuhi moja alijikwaa, akasonya, akasimama mlangoni akiuangalia ua wake: nyanya, mchicha, mti wa mlimau, bafu, kamba ya nguo, na nafasi kubwa tu iliyokuwa inaota magugu.

"Haya," akasema peke yake kwa sauti. "Wameng'oa yao. Mimi natandika yangu."

Kwenye kona ya mtaa kulikuwa na karakana ya mzee mmoja aliyekereza vyuma, watu walimwita Chuma na mikono yake ilifanana na jina. Mama Bendera akamwendea na kile kipande cha reli kapakata kama mtoto.

"Shikamoo, mama. Nikutengenezee nini? Magurudumu ya toroli?"

"Ya treni."

Chuma akacheka mpaka akashika mashine yake. Alipoona mwenzake hacheki, akajifuta machozi na kusikiliza. Mama akaweka reli yake mezani na kumwonyesha: gurudumu la treni si kama la toroli, lina ukingo kwa upande wa ndani, na ukingo huo ndio unaoshika reli lisitoke. Alitaka madogo, ya treni ambayo mtu mzima anaweza kuikalia juu kama anavyokalia kigoda. Chuma akakuna kichwa. Alikuwa amekereza boliti, mashine za kusaga, vyuma vya geti za matajiri, lakini hili lilimwasha vidole, unaona kabisa. Hakusema ndiyo. Alisema, "Niachie hicho kipande," na Mama Bendera akajua amempata.

Kazi ikaanza. Reli zake zilikuwa bapa za chuma zilizosimamishwa kwa ubavu. Mataruma, yale magogo ya kulaza chini ya reli, yalikuwa mabaki ya mbao ngumu kutoka kwa seremala, yaliyochovywa kwenye oili chafu ya magari ili mchwa wasiyaguse. Upana wa njia aliupima kwa mpini wa bendera yake ya zamani iliyovunjika: aliukata ukabaki urefu wa shubiri moja, na kila taruma alilolaza alilipima kwa kijiti kile. Kikibana, anang'oa. Kikicheza, anang'oa. Alipiga magoti siku nzima, kanga kiunoni, kofia ya jua kichwani, huku jirani yake fundi cherehani akimchungulia juu ya ukuta kwa kisingizio cha kuanika nguo.

"Shoga, hiyo ngazi ya kulala chini unampandishia nani?"

"Nakupandishia wewe ukome kuchungulia!"

Lakini kesho yake fundi cherehani alipitisha sahani ya matunda juu ya ukuta, na keshokutwa akapitisha kichwa chenyewe na maswali ya maana. Njia ilianzia jikoni, ikafuata ukuta, ikauzunguka mlimau, ikapita nyuma ya bafu, ikakata mdomo wa ule uchochoro wa pembeni ya nyumba ambao ndio njia pekee ya kuingilia uani bila kupita ndani, kisha ikarudi jikoni ilikotoka. Mviringo mzima. Kichwa cha treni kilikuwa sanduku la bati lenye betri ya gari na mota iliyotolewa kwenye pikipiki mbovu ya umeme, na nyuma yake kulikuwa na behewa moja la mbao lenye mto wa kukalia.

Siku ya kujaribu, Chuma alikuja amevaa shati la kwendea msibani. Fundi cherehani alipanda kwenye kigoda upande wake wa ukuta. Mama Bendera akaweka gunia la mchanga kwenye behewa, akawasha swichi, na treni ikaondoka vizuri, tena vizuri mno. Ikaongeza mwendo. Ikapita jikoni kama inafukuzwa na polisi, ikaacha njia kwenye kona, ikapiga ndoo teke na kujilaza kwenye jiwe la kufulia. Wakairudisha. Safari hii wakaianzisha pale jikoni, na pale jikoni ikakataa kabisa. Mota ikaguna, magurudumu yakateleza, haikupanda hata hatua.

"Shoga!" fundi cherehani akapiga kelele, machozi yanamtoka. "Treni yako kwenda nyumbani inajua, kwenda kazini haitaki!"

Kosa lilikuwa la Mama Bendera mwenyewe, na kwa mtu wa geti halikuwa kosa la ajabu. Maisha yake yote alikaa mahali tambarare. Geti la reli halijengwi kwenye mteremko. Yeye akiangalia ardhi anaona iko sawa, kwa sababu ardhi aliyoizoea ilikuwa sawa. Uani kwake palikuwa pameinama kuelekea jikoni, na kila mvua ikinyesha maji yalikuja mlangoni, na kila mvua alikuwa anayafagia bila kujiuliza yanatoka wapi. Alijipiga paji la uso. Kisha akang'oa njia yote.

Ni katika siku hizo za kung'oa ndipo kifungua mimba wake alipofika. Mtaa ulimwita Meneja, kwa sababu alikuwa meneja wa duka la vifaa vya ujenzi na hata kwenye shughuli za watu alipanga viti kama mwenye duka. Alimkuta mama yake ndani ya mtaro, udongo hadi kwenye nyusi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Usikanyage hapo."

Wakaingia sebuleni. Meneja alikaa kwenye kiti cha marehemu baba yake, akaweka funguo za gari mezani, akakohoa kidogo. Mama yake akamtazama na kujua kwamba maneno yanayokuja yameshafanyiwa mazoezi huko nyumbani kwake.

"Mama, kuhusu uani tulishakubaliana."

"Tulikubaliana lini?"

"Tulipomaliza msiba wa baba. Nilikwambia uani pajengwe vyumba vya kupangisha. Ukasema tutaona."

"Kweli nilisema tutaona. Na nimeona. Hapajengwi."

Meneja akavuta pumzi. Hakuwa mtoto mbaya, tusimpake matope. Dawa alileta, bili alilipa, na kila mama yake alipokosa kupokea simu alipanda gari na kuja mbio. Lakini alikuwa na ile tabia ya watoto waliofanikiwa, ya kumwona mzazi kama kiwanja ambacho hakijaendelezwa.

"Wapangaji watakuwa karibu yako. Ukiugua, ukianguka, kuna mtu wa kukuokota. Sasa hivi upo peke yako na mavyuma. Watu wanaongea, mama. Juzi dukani mteja kaniuliza kama ni kweli mama yangu anacheza treni uani. Nijibu nini?"

"Mjibu ndiyo. Halafu umuuzie saruji."

"Mama, mimi sitanii."

"Hata mimi."

Hapo ndipo uvumilivu wa Meneja ulipomwishia, na mtu akiishiwa uvumilivu husema kile alichokuwa anakikalia. "Basi ingekuwa hata inafanya kazi! Imeanguka siku ya kwanza, mtaa mzima umecheka. Mama, wewe ulikuwa mfungua geti. Hukuwa dereva, hukuwa mhandisi. Ulikuwa unafungua geti tu. Sasa unajifanya nani?"

Ilimuuma. Ilimwingia hadi kwenye mifupa, kwa sababu ada, sare, sanduku la bati la shule na pasi ya treni vyote vilitoka kwenye geti hilo hilo. Mama Bendera alijibu taratibu.

"Mfunga geti," akasema. "Kufungua kila mtu anaweza."

Meneja akainuka, uso kaukunja, funguo mkononi. "Jumamosi mafundi wanakuja. Nimeshaongea nao, tofali zimeshapangwa. Naomba vyuma viwe vimetoka."

"Waje tu. Wakikuta geti limefungwa, wasubiri."

"Geti gani? Hapa hakuna geti."

Mama yake alimsindikiza hadi mlangoni, akamwambia asalimie nyumbani, na gari lilipoondoka akavaa kofia na kwenda moja kwa moja kwa Chuma.

Wiki ile alifanya kazi kama mtu aliyevalia njuga. Aliazima kwa mwashi mmoja mpira wa maji, ule mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, akapima mzunguko wote: maji yakisimama sawa huku na huku, ndipo njia iko sawa. Upande wa jikoni alijaza kokoto, upande wa mlimau alichimba. Kona zote akazipanua kidogo. Chuma akamchomelea bomba refu lenye uzito wa chuma upande mmoja, la kupanda na kushuka, na wakalisimika mdomoni mwa uchochoro, hatua moja kabla ya reli. Akalipaka rangi nyekundu na nyeupe kwa mkono wake mwenyewe. Fundi cherehani akashona bendera mbili kutoka kwenye mabaki ya vitambaa, nyekundu na kijani, na akakataa kuahidi kwamba hatacheka.

Treni ikajaribiwa tupu, ikazunguka. Ikajaribiwa na gunia la mchanga, ikazunguka. Ikajaribiwa na magunia mawili, ikazunguka huku inalalamika.

"Sasa kalia wewe," akasema Chuma.

Mama Bendera akatikisa kichwa. "Jumamosi."

Alimwambia Chuma anataka kuhifadhi betri, na Chuma akajifanya ameamini. Ukweli ni kwamba aliogopa. Ikimwangusha akiwa peke yake, nguvu zitamwishia kabla ya Jumamosi. Ikimwangusha mbele ya mwanawe, basi, vyumba vitajengwa, na yeye atamaliza maisha yake akisikiliza redio za wapangaji pale ulipokuwa mlimau. Aliujua mwili wake: ujasiri wake ulikuwa unakuja watu wakifika getini, hauji kabla.

Jumamosi asubuhi lori la tofali likasimama mbele ya nyumba. Mafundi wakashuka na sepetu na matoroli, wakiongozwa na mwashi mkuu, mtu mzima mwenye tumbo na penseli sikioni. Meneja akashuka kwenye gari lake. Wakaingia uchochoroni mmoja nyuma ya mwingine, kwa sababu uchochoro ni mwembamba, na wa mbele alipofika mwisho wote wakagongana migongo.

Geti lilikuwa chini. Juu yake ilisimama bendera nyekundu. Nyuma ya geti kulikuwa na reli, na kule mbele ya jikoni Mama Bendera alikuwa amekaa juu ya behewa lake, koti la kazi la zamani limefungwa vifungo vyote, mkono mmoja kwenye swichi na mwingine kwenye breki.

"Nini tena hii?" Meneja akauliza.

Mwashi mkuu, ambaye alikuwa na kazi ya kufanya na jua lilikuwa linapanda, akanyoosha mkono kuliinua lile bomba.

"Simama hapo! Treni iko njiani!"

Ilikuwa sauti ile ile. Ile iliyokuwa inavuka barabara kuu, inapita juu ya honi za malori na kumfikia mwenye haraka wa mwisho kabisa. Mkono wa mwashi ukarudi wenyewe, na nyuma yake matoroli yote yakatua chini. Yule mtu akatoa macho. Kisha taratibu uso wote ukalegea.

"Mama, ni wewe? Mama wa getini? Mimi nilikuwa napita pale na baiskeli ya tofali! Ulikuwa unanichelewesha kazini kila siku ya Mungu!"

"Na ulifika mzima?"

"Nilifika."

"Basi subiri."

Akawasha swichi. Mota ikaguna, na moyo wake ukaguna nayo. Treni ikajikaza chini ya uzito wake, ikasita, akasema kimoyomoyo usiniaibishe, ee, usiniaibishe leo, na ikaondoka. Ikafuata ukuta. Kwenye kona ya mlimau magurudumu yakalia kwa sauti ya kusaga meno, behewa likaegemea, naye akaegemea upande wa pili kama aliyezaliwa humo. Haikuanguka. Upepo mdogo ukampiga usoni. Alikuwa anasafiri. Nyanya zilikuwa zinapita, bafu lilikuwa linapita, kamba ya nguo ilikuwa inapita, na mwanamke yule alicheka kwa sauti peke yake, meno yote nje, akapita mbele ya geti na mafundi wakageuza shingo kumfuata.

"Imepita," akasema mwashi, akanyoosha mkono tena. "Haya, tufungue."

"Weka mkono chini! Njia ni ya mviringo, fundi! Imepita na inakuja!"

Mwashi akaiangalia njia. Akaifuata kwa macho kutoka jikoni hadi kwenye mlimau, hadi bafuni, hadi miguuni kwake, hadi jikoni tena. Penseli ikamdondoka.

"Meneja," akasema, "hii treni haimalizi kupita."

Mafundi wakaangua kicheko uchochoro mzima. Fundi cherehani, juu ya kigoda chake, alikuwa ameshakivunja kiapo ambacho hakukiapa. Meneja peke yake hakucheka. Masikio yalimwiva. Alisimama pale mbele ya watu anaowauzia saruji, amezuiwa na bomba na kitambaa, na mama yake amempita mara ya pili bila hata kumwangalia.

"Mama, simamisha!"

Mama akapita.

"Mama!"

Akapita tena. Hapo Meneja akainama, akapenya chini ya geti, na kusimama katikati ya reli, miguu kaitanua, kifua mbele.

Treni ilikuwa inatoka nyuma ya bafu. Mama Bendera alimwona. Breki ilikuwa mkononi, angeweza kuivuta, na angeivuta pale pale habari ingekuwa imekwisha: siku zote zingine angesimamishwa na yeyote mwenye kifua. Asipoivuta, chuma kile kingemvunja mwanawe mguu, na getini kwake hajawahi kuumia hata kuku. Alitaka kumwita mwanangu, alitaka kumwita kwa jina la utotoni. Badala yake ikatoka ile sauti ya getini.

"TOKA NJIANI!"

Na Meneja akatoka. Hakufikiri, hakuchagua. Miguu yake ilikuwa imelelewa na sauti ile kabla ya kulelewa na duka lolote. Akaruka kinyumenyume, akapenya chini ya geti mgongo mbele, akamwangukia mwashi tumboni, na treni ikapita pale pale alipokuwa.

Treni ilipozunguka na kurudi, mama yake alivuta breki. Alivuta mwenyewe, kwa kutaka kwake, na behewa likasimama mbele ya geti. Alikuwa anahema. Akaichomoa bendera ya kijani aliyokuwa ameikalia, akamnyooshea mwanawe juu ya bomba.

"Shika."

"Ya nini, mama?"

"Pasi ile ilikuwa yangu," akasema. "Yangu, ya jina langu. Wewe ulikuwa ndani, unanipungia dirishani, na mimi niko nje nimeshika bendera juani. Sikujuta na sijuti. Ungeniambia leo nirudie, ningerudia. Lakini hukuwahi kuniuliza hata siku moja kama na mimi nilitaka kupanda." Akarudisha mkono kwenye swichi. "Nilitaka. Nilitaka sana. Leo mimi niko ndani. Nipungie."

Meneja akaishika bendera kama mtu aliyepewa mtoto mchanga na hajui amshike wapi. Aliangalia kitambaa, akaangalia koti la mama yake, lile la kila siku ya kufungua shule, lenye kiraka kile kile kwenye kiwiko. Bila kugeuka nyuma akamwambia mwashi, "Geuza lori."

"Na tofali?"

"Nimesema geuza lori."

Mama Bendera hakusubiri kuona kama litageuka. Aliwasha swichi, akaondoka, akazungukia kwenye mlimau, akapita nyuma ya bafu. Alipotokea upande wa uchochoro, mwanawe alikuwa amesimama wima nyuma ya geti, na bendera ya kijani imeinuliwa nusu, kwa aibu, usawa wa kifua.

"Juu zaidi!" akamfokea. "Dereva haoni!"

Akainua juu zaidi, mkono wote, akaipunga kushoto na kulia kuliko kanuni zinavyotaka, na mama yake akapita bila kupunguza mwendo.